Barabara Ikinyooshwa

Neno "kunyoosha" lina sifa njema katika Kiswahili. Mtu mnyofu ni mtu wa kuaminiwa, na maneno yaliyonyooka hayana hila ndani yake. Ndiyo sababu watu wakisikia kwamba barabara ya kwao itanyooshwa, wengi huona kuwa ni habari njema tupu. Habari njema ni kweli. Lakini barabara si kamba ya kuanikia nguo, ambayo ukiivuta ncha zake mbili hunyooka yenyewe bila kumgusa mtu. Barabara haivutwi. Ile ya zamani huachwa pale ilipo, na mpya hukatwa mahali pengine, na mahali pale pengine ni shamba la mtu.

Mimi ni mtoto wa Abuku, gombolola iliyomo katika wilaya ya Koboko, ambayo ilitengwa na Arua mwaka 2005. Kwetu tumeona njia moja ya kijijini ikitolewa katika kona yake ya zamani na kupitishwa penye mashamba. Nimeyasikia maneno mengi juu ya jambo hilo, kisimani, sokoni na chini ya maembe, nami nimejaribu kuyapanga ili tuyatazame kama somo. Wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti hili, ambao baadhi yao sasa ni mainjinia na madiwani, watanivumilia nikieleza mambo wanayoyajua kuliko mimi.

Kwanza tuulize, kona zilitoka wapi? Vijana wengi hudhani kwamba watu wa zamani walipinda njia kwa kuwa hawakuwa na vyombo vya kupimia. Sivyo. Nchi hii ya West Nile iliingia katika Uganda mwaka 1914, baada ya kuwa kwanza chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kisha chini ya Sudani tangu mwaka 1910. Njia za kwanza za magari zilichimbwa kwa jembe na sururu, chini ya amri ya machifu. Mtu anayechimba kwa jembe hatafuti njia iliyo fupi. Atafuta njia isiyo na daraja. Kwa hiyo barabara zilipanda migongo ya vilima, zikazunguka vyanzo vya mito, zikakwepa mawe makubwa. Tena zilipinda makusudi ili zifike nyumbani kwa chifu, au penye gombolola, au penye misheni, au penye ghala la pamba na tumbaku. Basi kila kona ilikuwa na sababu yake, na baadaye ikawa na watu wake, maana penye kona gari hupunguza mwendo, na gari lipunguzapo mwendo ndipo mtu hununua ndizi.

Injinia wa leo ana sababu nyingine, nazo ni za hesabu. Wanafunzi wa fizikia wajua kwamba gari likizunguka kona, nguvu inayotaka kulitupa nje huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ile huwa mara nne. Gari lipitalo kwa kilomita 40 kwa saa laweza kuzunguka salama kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 63 hivi, ikiwa barabara imeinamishwa kidogo upande wa ndani na magurudumu yanashika vema. Mwendo ukiwa kilomita 80, kona hiyo haina budi kuwa na nusu kipenyo cha mita 252. Jambo la pili ni macho. Dereva lazima aone mbele umbali wa kutosha kusimamisha gari, na kona kali yenye mahindi marefu humfunga macho kama kitambaa. La tatu ni maji. Njia ya zamani ikikanyagwa miaka mingi huzama chini kuliko mashamba ya kando, na mvua ikinyesha barabara huwa mto. Mara nyingi ni rahisi kuinua njia mpya juu ya udongo mzima kuliko kuiokoa ile iliyokwisha kuwa mfereji.

Wenye umri wataikumbuka barabara kuu ya kwetu ilivyokuwa, vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Barabara ile, inayotoka Vurra penye mpaka wa Kongo, ikapita Arua na Koboko hata Oraba penye mpaka wa Sudani Kusini, ina urefu wa kilomita 92, nayo ilitiwa lami katika miaka ya 2010 kwa fedha za Benki ya Dunia. Mwaka 2020 benki hiyo hiyo ilikubali kutoa fedha kwa barabara ya Koboko hadi Moyo kupitia Yumbe, ambayo ni zaidi ya kilomita 100. Barabara kuu ikipata lami, vijiji vya ndani navyo hutaka njia zao zitengenezwe ili mihogo, karanga na tumbaku vifike kwenye lami hiyo. Hivyo ndivyo mambo ya kupimwa na kunyooshwa yanavyotoka kwenye barabara kuu yakaingia mpaka vijijini.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuchukue kona iliyo nusu duara kamili, yenye nusu kipenyo cha mita 200. Atembeaye juu ya kona ile hutembea mita 628. Ikikatwa moja kwa moja, njia huwa mita 400. Msafiri amepunguziwa mita 228, yaani dakika tatu za mtu wa miguu, na kwa pikipiki ni kiasi cha kupiga chafya. Tuseme upana wa njia pamoja na mifereji yake ni mita 15. Njia mpya imekula mita za mraba 6,000, ambazo ni kama ekari moja na nusu. Njia ya zamani iliyoachwa ni mita za mraba 9,420, yaani ekari mbili na theluthi. Mtu angeweza kusema kwamba nchi imepata faida ya ardhi. Naam, kwenye karatasi imepata. Lakini ekari zilizochukuliwa zilikuwa za familia moja au mbili, zenye udongo mweusi uliolimwa, na zile zilizoachwa ziko mbele ya nyumba za watu wengine, nazo ni changarawe iliyoshindiliwa kwa miaka mingi.

Wenye kufurahi ni wengi, na isidhaniwe kwamba nawadharau. Mama mjamzito anayepelekwa kwenye kituo cha afya usiku juu ya pikipiki hana haja ya kuhesabu ekari. Vijana wa bodaboda husifu njia mpya kwa sababu haili magurudumu. Wafanya biashara wa mihogo husema kwamba lori lililokuwa likikataa kuingia sasa huingia. Walimu nao hufurahi, ila huongeza neno: watoto waliozoea gari litambaalo kwenye kona sasa hukutana na gari lirukalo, nao hawajajifunza kulipima kwa macho. Katika habari zote za kunyoosha barabara, neno hilo la walimu ndilo ambalo lingeweza kuponywa kwa gharama ndogo kabisa, kwa tuta moja mbele ya shule na kibao kimoja.

Wa pili ni wale waliopitiwa. Hawa sheria yawajua. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 26, yasema kwamba mtu asinyang'anywe mali yake kwa kazi ya umma ila kwa kulipwa fidia ya haki na ya kutosha, tena alipwe upesi, kabla mali haijachukuliwa. Maneno haya "kabla haijachukuliwa" yalipiganiwa. Sheria ya kutwaa ardhi ya mwaka 1965 iliruhusu serikali iingie katika ardhi kwanza, na habari za malipo zifuate. Shamba la mtu mmoja wa upande wa Hoima lilipoguswa na barabara ya kwenda Kaiso na Tonya, shauri lilipelekwa mahakamani, likapanda mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya nchi, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba kifungu kile cha mwaka 1965 hakipatani na Katiba. Basi mkulima wa Abuku aliye na mihogo yake alitetewa na mtu asiyemjua, wa kabila jingine, ng'ambo ya Mto Nili.

Namna ya kuhesabu fidia imo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998. Mazao na miti huhesabiwa kwa bei zinazopangwa na bodi ya ardhi ya wilaya. Juu ya jumla huongezwa asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu, na mtu akipewa muda wa chini ya miezi sita kuondoka, nyongeza ile huwa asilimia 30. Lakini mazao ya msimu ambayo mwenyewe angeweza kuyavuna katika muda aliopewa hayalipwi. Mtu wa mahindi haumii sana hapo. Mtu wa mihogo ndiye mwenye taabu, maana muhogo hukaa ardhini mwaka mzima na zaidi, na kwetu shamba la muhogo ni ghala. Hung'oi shamba lote siku moja, wang'oa kwa kadiri ya chakula cha juma. Ukiambiwa uvune vyote kwa miezi michache, utavivuna, kisha utaviweka wapi?

Tena kuna mambo mawili ambayo orodha ya bei huyagusa kwa shida. La kwanza ni makaburi. Sisi Wakakwa, kama jirani zetu Walugbara, huwazika watu wetu nyumbani, na njia mpya ikipita uani hupita juu ya mababu. Fedha za kuhamisha kaburi hutolewa. Lakini wazee huuliza nani atakayesema maneno ya kumwambia marehemu kwamba anahamishwa, na kama ukoo haukubaliani juu ya msemaji, kazi husimama, na injinia hubaki ameketi kivulini akitazama saa yake. La pili ni mke. Ardhi ni ya ukoo, mwenye kuitwa kutia sahihi mara nyingi ni mume, na mwenye kulima ni mke. Fedha za fidia zikiingia mfukoni mwa bwana zaweza kugeuka pikipiki kabla hazijageuka shamba jingine. Nimewasikia akina mama wakilisema jambo hili waziwazi, na akina baba wakicheka. Lakini hakuna hata mmoja aliyelikanusha.

Wa tatu ndio walionifanya niandike makala haya. Ndugu zetu wa Tanzania wana swali wanalouliza kila barabara ipanuliwapo: wewe umeifuata barabara, au barabara imekufuata wewe? Sheria yao ya barabara ya mwaka 2007 ilipanua eneo la barabara kuu kutoka mita 22 na nusu hadi mita 30 kila upande. Aliyejenga ndani ya eneo akijua ni la barabara, huyo ameifuata, na nyumba yake hutiwa alama ya X nyekundu, bila malipo. Ambaye nyumba yake ilikuwa nje ya eneo la zamani na ikaingia katika lile jipya, barabara imemfuata, na alama yake ni ya kijani. Huyo anastahili kulipwa. Swali hili ni zuri, nami nimewahi kulisikia likiulizwa hata na watu wa kwetu waliorudi kutoka Tanzania. Ila kwa njia iliyonyooshwa halitoshi. Yupo mtu ambaye barabara haikumfuata wala yeye hakuifuata vibaya: barabara imemkimbia.

Fikiri juu ya mwenye duka dogo la sabuni, chumvi na mafuta ya taa palipokuwa kona. Fikiri juu ya mama wa chapati, fundi wa baiskeli, na vijana wa bodaboda waliokuwa na kituo chao chini ya mwembe. Kigingi hakikupigwa katika ardhi yao. Tingatinga halikugusa ukuta wao. Siku ya kuthamini mali hawakuandikwa, kwa kuwa hapana kitu chao kilichochukuliwa. Njia ilipofunguliwa, ikawa gari lapita mita 200 kutoka mlangoni mwao, nao walisikia mlio wake tu. Mwenye duka amepata hasara kubwa kuliko baadhi ya waliolipwa, lakini sheria haina ukurasa kwa ajili yake, maana sheria hulipa kilichotwaliwa, na wateja si mali ya mtu.

Wengine husema: na wahame, wajenge penye njia mpya. Hayo ni maneno ya mtu asiyejua ardhi ya ukoo. Penye njia mpya pana mwenyewe, na mwenyewe naye amekwisha kuona kwamba mbele ya shamba lake pana biashara. Kiwanja ambacho jana hakikuwa na bei leo kina bei. Kwa hiyo familia ile ile iliyolipwa fidia ndiyo pia inayokodisha nafasi ya duka kwa yule asiyelipwa kitu. Sisemi wamefanya vibaya. Nasema tu kwamba hapo ndipo wivu wa jirani kwa jirani ulipoingia, na mtu akija kijijini akaambiwa kwamba watu "wanapinga maendeleo," afadhali aulize kwanza wanaosema hivyo wameketi upande gani wa kona.

Jambo hili si la Abuku peke yake. Marekani ilikuwa na barabara mashuhuri, namba 66, iliyotoka Chicago hadi pwani ya magharibi, urefu wa kilomita kama 3,900, na miji midogo mingi iliishi kwa kuwauzia wasafiri chakula na malazi. Serikali ilipojenga barabara mpya pana zilizonyooka, miji ile iliachwa mmoja baada ya mwingine. Seligman, katika Arizona, uliachwa mwaka 1978, na wasafiri wakatoweka. Mji wa Williams katika jimbo hilo hilo ulikuwa wa mwisho kuachwa, mwaka 1984. Watu wa Williams walikwenda mahakamani. Hawakuizuia barabara mpya, lakini hawakuondoka mikono mitupu: katika mapatano walipewa njia tatu za kuingilia mjini kutoka kwenye barabara hiyo. Watu wa Seligman walichelewa. Ila mwaka 1987 kinyozi wa mji, Angel Delgadillo, pamoja na wenzake, waliunda chama cha kuilinda barabara ya zamani kama kumbukumbu, na wageni wakaanza kurudi kuitazama.

Sisi hatuna watalii wa kuja kutazama kona. Lakini lile la Williams latufaa, kwa kuwa walichoomba si fedha. Waliomba njia ya kuingilia. Mwenye duka wa kona ya zamani angeweza kuomba vivyo hivyo: kipande cha kona kiachwe wazi, kiunganishwe na njia mpya kwa ncha zake zote mbili, kiwekwe kalvati penye mfereji, na greda ikija kila mwaka ipite huko pia. Kwa kazi ya kilomita nyingi, hayo ni matumizi madogo. Mara nyingi huwa kinyume chake. Mfereji wa njia mpya huchimbwa mrefu mbele ya mdomo wa njia ya zamani, bila kalvati, na hata baiskeli haiwezi kuvuka ila kwa kubebwa begani.

Kwa nini hawakuomba? Tutazame utaratibu wa kazi. Kwanza huja wapimaji na vyombo vyao, kisha huitwa mkutano, kisha vigingi, kisha mthamini mwenye daftari, na siku yake ndiyo mwisho wa kuandikwa. Atakayepanda miche au kujenga kibanda baada ya siku hiyo hahesabiwi. (Wako waliopanda mikalitusi usiku, lakini hilo ni somo jingine.) Mkutano ule wa mwanzo ndio mahali pa kuuliza juu ya njia za kuingilia, na ndio mkutano ambao watu wa kona hawaendi. Waliopigiwa vigingi hukimbilia huko na shangazi zao wote. Mwenye duka hubaki dukani, maana kwa kuwa watu wamekuja mkutanoni, siku ile biashara ni nzuri. Hudhani barabara ikihama itahama na kurudi kama mvua. Tena mwenyekiti akisoma orodha ya "walioguswa," jina lake halimo, naye huona hana haki ya kusimama. Haki anayo. Mkutano ni wa kijiji kizima, na swali juu ya mfereji na kalvati halihitaji cheti cha ardhi.

Limebaki shauri la kona yenyewe, ambalo kwetu halijakwisha. Mmoja ambaye nyumba yake inaielekea amekwisha kuilima sehemu yake na kupanda muhogo, akisema kwamba babu yake ndiye aliyeitoa ardhi ile wakati wa chifu, bila kulipwa, na sasa kwa kuwa barabara imeondoka ardhi imerudi kwa wenyewe. Wa ukoo wa pili husema kwamba babu yao alitoa upande wa kushoto, na kwamba mpaka ulipita katikati ya njia. Wengine husema kilichokwisha kuwa cha umma ni cha umma, na afadhali kiwe uwanja wa mpira wa watoto. Mwenye duka hataki lolote katika hayo. Ataka njia ibaki njia. Shauri limeletwa mbele ya LC ya kijiji mara mbili, na wazee wenye kukumbuka alama za mpaka wameitwa. Muhogo uliopandwa pale umeota majani machache ya manjano, maana changarawe ile ni ngumu, na jioni akina mama huanika ulezi juu ya sehemu iliyobaki.